Mkuu wa Moto wa Michenga

Ponsiano alipohamia Michenga alikuwa ameshaunguliwa na nyumba mbili, na habari hiyo ilifika kijijini kabla yake.

Ya kwanza iliungua Sanje, chini ya mlima, kwa radi, na kwa radi huwezi kumlaumu mtu. Ya pili iliungua kandokando ya Ifakara, baada ya nyuki kuingia chini ya paa na Ponsiano kumwita mrina asali aje kuwatoa. Mrina asali alikuja na kijinga cha moto, akawafukiza, na kabla jua halijashuka nyumba ikawa majivu, nyuki wakahamia kwa jirani wakiwa wazima kabisa. Mara zote mbili Ponsiano aliokoa kitu kimoja tu: mlango. Aliung'oa, akajitwika, akasimama nao uwanjani huku paa likiporomoka.

"Sasa huo mlango, Baba Fulgensi," mkewe Aurelia alimuuliza ile mara ya pili, "ni wa kuingilia wapi?"

Fulgensi alikuwa mtoto wao wa pekee, kijana mkubwa aliyekuwa amekwenda kukata mkonge upande wa Kilosa. Ponsiano alifikiri kidogo.

"Wa kuingilia nyumba ijayo," akasema.

Nyumba iliyofuata aliijenga Michenga. Kijiji chetu miaka ile ya hamsini hakikuwa kikubwa. Wazee wake walikuwa wameteremka kutoka upande wa Mahenge wakifuata ardhi ya mpunga. Walivuka mto kwa mitumbwi, wakiwa na kuku wao, mawe ya kusagia, na sanamu ya Bikira Maria iliyoviringishwa kwenye mkeka. Kwa kuogopa simba walijenga nyumba zikabanana, paa kwa paa, hata mtu akikoroma jirani yake ndiye aliyejigeuza. Simba wakashindwa. Moto haukushindwa. Kila kiangazi, mpunga ukishavunwa na maji yakisharudi mtoni, bonde lote lilibaki nyasi na matete makavu yaliyompita mtu kimo. Wawindaji wa ndezi waliyachoma ili wanyama watoke. Wakulima waliyachoma ili walime. Wengine waliyachoma kwa sababu wenzao wamechoma. Cheche moja ikipata upepo, kijiji kizima kilikimbilia mtoni. Akina mama walikuwa wakitaja umri wa watoto wao kwa mioto: huyu nilimzaa mwaka wa moto uliokula kanisa, yule ni wa moto wa vihenge.

Ponsiano alipewa kiwanja kando ya nyumba ya Kasmiri, mtu mwembamba, mkulima hodari, mwenye mdomo mkali kuliko shoka lake. Kasmiri alisikia habari za nyumba mbili akanyamaza, maana alikuwa Mkristo. Lakini kiangazi cha pili, Ponsiano akiwa mtoni anaoga, cheche iliruka kutoka porini, ikapita juu ya nyumba zote za safu ile, ikatua kwenye paa la Ponsiano kana kwamba imeelekezwa. Nyumba ikaungua. Na kihenge cha Kasmiri, kilichojaa mpunga wa mwaka mzima, kikaungua pamoja nayo.

Ponsiano alitoka mtoni mbio, akiwa amejifunga kaniki kiunoni, akawahi mlango.

Tangu siku hiyo Kasmiri hakutaka kumwona karibu. Wengine nao walianza kupima kwa macho umbali kati ya paa lao na la Ponsiano, hata kabla hajajenga. Mwisho akaelewa mwenyewe. Akajenga nje ya kijiji, ng'ambo ya kijito kikavu, peke yake katikati ya matete. Nyumba ya nguzo chache na udongo, paa la nyasi mpya, na mlango uleule.

Mwaka wa hamsini na nne, Bwana Shamba alifika kwa baiskeli akiwa na agizo. Kila kijiji cha bondeni kilime barabara ya moto, yaani ukanda wa ardhi tupu kukizunguka kijiji chote, nyasi zing'olewe na majani yafagiliwe, ili moto ukifika ukose chakula. Na kila kijiji kichague mtu mmoja wa kuisimamia. Alisema hayo, akanywa maji, akaondoka.

Jumbe wetu wakati ule alikuwa Leodegar, mzee mpole asiyependa kuamua jambo kabla ya kula. Aliita watu barazani akawauliza nani ataifanya kazi hiyo. Watu wote wakatazama miguu yao. Kazi ya kuwaamrisha majirani walime mahali pasipoota kitu, nani aitake?

Kasmiri akasimama. "Shikamoo Jumbe. Mimi naona tusihangaike. Mpeni Ponsiano. Moto anaujua, na moto unamjua yeye."

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi apigwe mgongoni. Kicheko kilipopungua waliona Ponsiano amesimama, amevua kofia yake.

"Nimekubali," alisema.

Nyumbani Aurelia alimpokea akiwa ameshika kiuno, maana habari zilikuwa zimemtangulia kama kawaida. "Walikuwa wanakucheka, Baba Fulgensi."

"Nilisikia," Ponsiano akasema. "Lakini mimi wamenicheka wakanipa na cheo. Wengine huchekwa bure."

Barabara ilianza kulimwa mwezi wa sita. Kila familia ilipewa kipande chake, na kila familia iliona kipande cha mwenzake ni kifupi zaidi. Natalia, mjane aliyepika pombe ya mahindi na kuiuza, hakukubali migomba yake ibaki nje, kwa hiyo barabara ikajikunja kuifuata migomba. Jumbe alitaka zizi lake la mbuzi liwe ndani, ikajikunja tena. Ilipofika upande wa kijito kikavu wakasimama, kwa sababu ng'ambo pale ilikuwa nyumba ya Ponsiano.

"Tukiizungushia na ile," alisema Kasmiri, akiegemea jembe lake, "tutakuwa tumeufungia moto ndani pamoja na sisi."

Jumbe alijikuna shingo. Aliona haya. Alimtazama Ponsiano, akatazama jua, akatamani kwenda kula.

"Pitisheni hapa hapa," Ponsiano akasema mwenyewe. "Tukizunguka nyumba yangu itakuwa ndefu, na watu wameshachoka. Wataacha njiani. Barabara yenye pengo haina maana."

Hivyo ndivyo mkuu wa moto wa Michenga alivyobaki nje ya barabara yake mwenyewe. Kesho yake mchana Ponsiano aliporudi kula alikuta jiko limezimwa. Akamwona mkewe ng'ambo ya kijito, amekaa katikati ya ile ardhi iliyolimwa, sahani ya wali ikiwa mbele yake imefunikwa.

"Njoo ule huku," Aurelia alimwita. "Mkuu hula kazini kwake."

Alikula huko wiki nzima, watu wakipita na kumsalimu kwa heshima kubwa mno.

Barabara ilipokamilika ilipendeza, pana na nyeupe. Tatizo lake lilikuwa moja, haikwenda popote. Raimundi, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Ifakara, alifika siku moja kwa baiskeli, akaiona, akafurahi kwamba serikali imetengeneza njia. Akaifuata. Akapita zizi la mbuzi la Jumbe, akapita migomba ya Natalia, akapita kijito, akakanyaga sana akitafuta kijiji kinachofuata, na akaliona tena zizi la mbuzi. Akadhani Jumbe ni tajiri mwenye mazizi mengi. Alipoliona mara nyingine tena ndipo alipomuuliza mwanamke aliyekuwa anatwanga, "Mama, kijiji hiki kinaishia wapi?"

Kwa mtu mwingine kazi ingekuwa imekwisha. Kwa Ponsiano ndiyo ilikuwa imeanza. Alijipatia debe, akalitia kamba, akawa haendi mahali bila debe la maji. Kila asubuhi na jioni alipita jikoni kwa watu. "Hodi ya moto!" aliita, na kabla hajakaribishwa ameshachungulia mafiga. Kuni zilizotokeza nje alizisukuma ndani. Majivu aliyatia kidole kuona kama yamepoa. Wanaume wenye viko walijifunza kuvuta wakiwa wamesimama ndani ya barabara ya moto, wamejipanga kama askari. Na kila mara, bila kutoa taarifa, alisimama uwanjani akapiga debe tupu kwa nguvu zote, na watu walitakiwa waje mbio na matawi mabichi ya kuupigia moto. Walikuja mbio. Moto haukuwapo. Ponsiano aliwashukuru na kuwaruhusu waende.

Natalia alikuwa wa kwanza kuchoka. Siku moja aliacha chungu cha pombe jikoni akaenda kuchota maji. Ponsiano akapita, akaona moto hauna mwenyewe, akaumwagia maji. Natalia aliporudi alikuta pombe imepikika nusu, na kwa kuwa wateja walikuwa wameshakaa akawauzia hivyo hivyo. Matumbo waliyoumwa! Vichaka vyote vya upande ule vilikuwa na watu. Na wote, mmoja baada ya mwingine, walimlaani Ponsiano.

Kisha ikaja sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane, kiangazi kimekauka kama mfupa. Padre alifika kutoka misheni, kukawa na maandamano, na mbele ya sanamu alitangulia Padre mwenyewe akichezesha chetezo cha ubani. Ponsiano alitembea nyuma yake na debe. Macho yake hayakuitazama sanamu wala misalaba. Yalikwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, pamoja na chetezo. Walipofika penye mabua makavu, kaa moja dogo likaruka. Ponsiano alimimina debe lote.

Kaa lilizimika. Kanzu ya Padre ililowa mpaka kiunoni, na viatu vikajaa maji. Waimbaji walikata wimbo katikati.

"Ponsiano," Padre alisema taratibu, akitikisa mguu mmoja, "mimi nilishabatizwa zamani."

Baada ya hapo watu walikwenda kwa Jumbe kutaka Ponsiano aondolewe. Kasmiri ndiye aliyesema kwa niaba yao, na alisema vizuri, kwa kuwa alikuwa na mazoezi. Jumbe Leodegar aliwasikiliza, akasema atalifikiria akishakula. Alikula mwezi wa nane, akala wa tisa, na mwezi wa kumi ulipoingia alikuwa bado anakula.

Mchana mmoja wa mwezi huo wa kumi, upepo ukivuma kutoka porini, Ponsiano aliona moshi. Haukuwa ule moshi mwembamba wa kila siku. Ulikuwa mweusi chini na wa manjano juu, ndege wakizunguka mbele yake kuwala panzi, na ndezi walikuwa wameshaanza kuivuka barabara ya moto kwa makundi bila kumwogopa mtu. Wawindaji walikuwa wamewasha huko mbali, na upepo ukawanyang'anya moto wao.

Alikimbilia uwanjani akapiga debe.

Watu walikuja mbio. Natalia alikuja na mchi wa kutwangia, na nia yake haikuwa kuupiga moto. "Leo nakupasua hilo debe," alikuwa akisema, "halafu nakupasua—" Akaona moshi. Akautupa mchi, akavunja tawi.

Na hapo, ajabu, kila mtu alijua pa kusimama. Wale waliolaani mazoezi walijikuta miguu yao imewapeleka mahali pao. Wanawake walikuwa wameshapanga mitungi kwenye mstari, wazee na watoto wameelekea mtoni. Hakuna aliyegongana na mwenzake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Michenga hata kwenye ngoma.

Lakini Ponsiano aliitazama ile barabara, akayatazama matete, akajua haitoshi. Moto ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Ungefika ukingoni ukajirusha. Dawa ilikuwa moja, kuuwahi: kuwasha moto mwingine kuanzia ukingo wa nje wa barabara, uende kukutana na mwenzake, na ukanda mtupu uwe mpana. Kila mtu alilijua hilo. Kila mtu alijua pia kwamba katikati ya matete yatakayowashwa imesimama nyumba moja.

Jumbe alimtazama Ponsiano, akashindwa kuendelea kumtazama. Ponsiano akachukua kijinga cha moto, akavuka barabara, akainama.

"Subiri wewe!" alikuwa Kasmiri. "Na nyumba yako?"

"Mimi nimezoea," Ponsiano akajibu.

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwamba amezoea kunywa uji bila sukari. Neno hilo lilimkasirisha Kasmiri kuliko kihenge chake kilichoungua.

"Umezoea nini?" alipiga kelele. "Nani kakuambia sisi tumezoea? Mjinga mkubwa! Usiwashe hicho kitu! Wanaume! Paa!"

Wanaume wakamfuata mbio kuvuka kijito. Paa la nyumba ile lilikuwa la nyasi na fito, limekaa juu ya nguzo kwa kamba za magome. Wakakata kamba kwa mapanga, wakajipenyeza kila upande, Kasmiri akahesabu, wakanyanyua. Paa likang'oka zima.

Chini yake alionekana Aurelia. Alikuwa amejifunga vizuri, chungu kichwani, mkeka kwapani, amejiandaa kutoka kwa heshima zake kama alivyokwisha kutoka kwenye nyumba nyingine. Alitazama juu akaona mbingu.

"Baba wee! Kasmiri! Unapeleka wapi paa langu?"

"Kwangu!" Kasmiri alijibu kutoka ndani ya nyasi, bila kufikiri.

"Basi linyanyueni sawasawa, mnalipinda!"

Kazi ya kulibeba haikuwa rahisi. Wote walikuwa vichwa ndani ya paa na hakuna aliyeona anakokwenda. Kwa mbali ungedhani nyumba imeota miguu na kukimbia moto yenyewe. Aurelia alitembea mbele na chungu chake kichwani akiwaelekeza. "Kushoto! Kushoto kwangu, siyo kwenu! Kuna shimo! Nimesema kuna shimo!" Wakavuka kijito, wakavuka barabara ya moto, wakavunja ua wa zizi la Jumbe, mbuzi wakatawanyika kijijini wakilia, na mbuzi dume mmoja aliingia chini ya paa akasafiri nao. Wakafika uwanjani kwa Kasmiri, pale pale palipoungua nyumba ya zamani ya Ponsiano, wakalitua kwa kishindo. Wakatambaa kutoka wakiwa na nyasi masikioni. Mbuzi dume akatoka wa mwisho.

Walipogeuka, Ponsiano alikuwa ameshawasha. Moto wake mdogo uliondoka ukingoni ukinung'unika, ukapata nguvu, ukapita juu ya kuta za udongo zisizo na paa, ukakutana na ule mkubwa. Iliinuka sauti kama ya maji mengi yanayoporomoka. Kisha mioto yote miwili ikakosa cha kula. Cheche zilinyesha kijijini, lakini kila cheche ilimkuta mtu na tawi lake au mwanamke na mtungi wake. Natalia peke yake alizima mapaa matatu. Jua lilipoanza kushuka watu walikuwa wameketi chini, weusi kama vyungu, wakihesabiana.

Hakuna nyumba iliyoungua. Migomba ya Natalia ilibabuka upande mmoja, na choo cha Jumbe, kilichojengwa nje ya barabara kwa ajili ya harufu, hakikuonekana tena.

Ponsiano alikuja mwisho, nyusi zimeungua, akiburuta debe. Alilikuta paa lake limekaa chini kama kofia ya mtu mkubwa, na mkewe ameketi mbele yake anachambua mchele.

"Karibu nyumbani," Aurelia akasema. "Inama, hakuna kuta wala mlango."

Waliishi hivyo siku kadhaa, wakiingia kwa kutambaa, hadi watu walipokuja na nguzo na udongo wakalinyanyua paa lao. Hakuna aliyeuliza litanyanyuliwa wapi. Kasmiri peke yake alijaribu kueleza kwamba aliposema "kwangu" alikuwa na haraka, na kwamba kijijini kuna viwanja vingine vizuri. Aurelia alimkumbusha kwamba wanaume wote wa Michenga walimsikia. Kasmiri akachimba shimo la nguzo ya kwanza huku akilalamika, na tangu hapo jiko lake ndilo lililokuwa la kwanza kukaguliwa kila asubuhi na la mwisho kila jioni.

Jumbe alitangaza kwamba ameshamaliza kulifikiria lile suala, na Ponsiano aendelee. Aliendelea mpaka uzee. Mwaka uliofuata barabara ililimwa upya, pana zaidi, bila ugomvi mwingi, na walikuja watu wa vijiji vingine kuiangalia. Padre alipokuja kwa sikukuu alileta viatu pea mbili, ya kuvaa na ya akiba.

Lakini mwaka ule ule wa moto, mvua za kwanza zilipoanza, paa la Ponsiano lilivuja. Lilikuwa limepinda katika ile safari, kama Aurelia alivyosema, na maji yalipita mahali pengi. Aurelia akapanga sufuria na vyungu chini ya matone, akamwomba mumewe apande juu aongeze nyasi. Ponsiano alikuwa amejilaza kitandani, mikono chini ya kichwa, tone moja likimpiga kwenye dole gumba la mguu, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Maji ndani ya nyumba, Mama Fulgensi," alisema. "Yanaingia yenyewe. Liache kidogo."

Aurelia alisubiri mpaka alipokwenda shambani, akavuka uwanja kwa Kasmiri kuomba mizigo miwili ya nyasi na ngazi.